Mmoja Agonge, Mwingine Ashikilie



Katika nchi yetu ya majani chai, mwezi wa bonasi ni mwezi wa furaha na pia ni mwezi wa machozi. Nyumba nyingi hulipa karo, hubadilisha mabati yaliyotoboka na kumaliza madeni ya dukani. Nyumba nyingine hugombana mwezi huo mmoja kuliko miezi kumi na moja iliyobaki. Mama mmoja wa pande hizi za Kipkelion ametuletea shida yake, akaturuhusu tuijibu hapa bila kumtaja jina. Anasema hivi:

“Bwanangu alipopata bonasi alisema anakwenda Naivasha kumwona rafiki yake wa zamani. Alirudi baada ya siku mbili juu ya pikapu, na nyuma ya pikapu kulikuwa na boti. Ni boti ndogo ya kuvulia samaki, ya aluminiamu, kuukuu, imebonyea ubavuni na haina injini. Alisema ameipata kwa bei rahisi, ataitengeneza, kisha ataipeleka Kisumu ikodishwe na watu wanaofuga samaki katika vizimba ziwani, nasi tupate pesa kila mwezi. Mimi sijawahi kupanda boti. Karo ya mtoto wa kidato cha tatu haijalipwa. Sasa boti imelala nyuma ya zizi na kuku wanataga ndani yake. Hatusemezani. Mnunuzi wa vyuma chakavu amesema ataichukua kwa kilo. Je, nikiiuza bwanangu akiwa hayupo, nitakuwa nimekosa?”

Mama, asante kwa kusema waziwazi. Jibu letu ni refu kidogo, maana swali lako halihusu boti peke yake. Baba naye asome, ikiwezekana msome pamoja.

KWANZA, NENO KWA BABA

Baba, kununua boti si dhambi. Mitume wanne wa kwanza walikuwa wavuvi, na injili ya Marko sura ya kwanza inatuonyesha Yakobo na Yohane wakiwa chomboni wanatengeneza nyavu zao wakati Bwana alipowaita. Mpango wako nao si wa kijinga. Ufugaji wa samaki katika vizimba umeongezeka sana upande wa Kenya wa Ziwa Victoria tangu miaka ya 2010, na mtu wa vizimba anahitaji chombo chepesi cha kupeleka chakula cha samaki kila siku.

Kosa ni kwamba ulikwenda peke yako. Majani yale mlichuma wawili. Asubuhi ya baridi, umande ukiwa bado juu ya majani, mama alikuwa katika mistari ya chai kama wewe, na kikapu kilikuwa mgongoni mwake. Basi bonasi hiyo ina wenyewe wawili. Aliyetumia mali ya wawili kwa akili ya mmoja amemnyima mwenzake zaidi ya pesa, kwa sababu amemwambia bila maneno kwamba ushauri wake hauna thamani. Hilo ndilo linalomwuma mama kuliko boti. Mwombe msamaha kwa jambo hilo, na usianze kwa kusema, “Lakini ilikuwa rahisi.”

PILI, NENO KWA MAMA

Mama, ukiiuza akiwa hayupo utapata shilingi za kilo chache, maana aluminiamu ni nyepesi, na mafundi wa jua kali wataiyeyusha watengeneze sufuria. Lakini utakuwa umefanya tendo lile lile alilokufanyia. Yeye alinunua kwa siri, nawe unauza kwa siri. Sasa nyumba ina siri mbili badala ya moja. Una haki ya kukasirika, una haki ya kudai karo itangulie, na una haki ya kusema hapana. Iseme hapana yako mbele yake, mchana, nyote mkiwa mmeketi.

TATU, HESABUNI GHARAMA PAMOJA

Katika Luka sura ya 14 Bwana wetu anauliza ni nani anayetaka kujenga mnara asiketi kwanza kuhesabu kama ana mali ya kuumaliza. Tena anasema aketi. Basi chukueni daftari la mtoto na kalamu, mwandike haya kwa mpangilio: karo ya shule, chakula, bima ya afya, mbolea, deni la chama cha akiba na mikopo. Hayo yakiisha kutengwa, yanayobaki ndiyo ya boti. Kama hakuna kinachobaki mwaka huu, boti ilale mpaka mwaka ujao. Aluminiamu haishiki kutu kama chuma. Hewa ikiigusa hujifanyia ngozi nyembamba inayoilinda, na ngozi hiyo ikikwaruzwa hujirudia yenyewe. Igeuzeni kifudifudi ili maji ya mvua yasituame ndani, muiinue juu ya mbao mbili, na kuku mwatafutie kiota kingine.

Kisha mkague kama inafaa kutengenezwa. Sehemu ya kuangalia kwanza ni ubao wa tezi, yaani ule wa nyuma ambapo injini hufungwa. Mara nyingi ndani ya bati kuna ubao, nao huoza kimyakimya. Gonga kwa mpini wa nyundo: ukilia sauti kavu, ni mzima, ukilia sauti ya boga, umeoza. Ubao unabadilishika. Lakini kama bati la chini lenyewe limeliwa mashimo mengi mengi kama chujio, hapo mama ana haki, uzeni kwa kilo wala msione haya. Mkubaliane pia kiasi ambacho hamtakipita. Boti kuukuu ina tabia ya kuomba mia mbili leo na mia tano kesho, na bandu bandu huisha gogo.

BOTI INATUFUNDISHA NINI

Sasa tuchukulie kwamba mmehesabu na mmekubaliana kuitengeneza. Kazi hii inaweza kuwa semina ya ndoa nyuma ya zizi lenu. Hata ninyi msomao ambao hamna boti, fuateni. Kila hatua ya fundi ina neno kwa nyumba zetu.

1. Tafuteni tundu mkiwa nchi kavu

Fundi mwerevu hatafuti tundu kwa kuisukuma boti ziwani. Huiweka juu ya mbao, ikishikiliwa vizuri kila upande, akamimina maji ndani kidogo kidogo, kisha akapita chini na chaki. Panapotoka tone anatia alama. Hatii maji mengi, kwa sababu lita moja ya maji ni kilo moja, na pipa moja la lita 200 ni kilo 200. Uzito huo unaweza kuipinda boti ambayo bado haijasaidiwa na maji ya ziwa kutoka nje. Tena fundi anajua kwamba maji hutoka katika tundu moja, yakatambaa kwenye mshono, yakadondoka mbali na pale yalipotokea. Kwa hiyo anafuata unyevu mpaka chanzo.

Wanandoa wengi husubiri dhoruba ndipo watafute panapovuja. Mtoto amefukuzwa shule, mzee amelazwa hospitali, na usiku huo huo wanaanza kuulizana habari za miaka mitano iliyopita. Tafuteni mapema, siku ya utulivu. Jumapili moja kila mwezi, watoto wakiwa wameenda kucheza, kila mmoja amwambie mwenzake jambo moja tu linalovuja. Moja, si kumi. Mkimwaga pipa zima mtapinda chombo. Siku hiyo tieni chaki tu, kutengeneza kutafuata. Na kumbukeni lile tone linalotambaa. Bwana akifoka kwamba mboga haina chumvi, huenda jambo halikutoka kwenye chumvi. Fuateni unyevu.

2. Mmoja agonge, mwingine ashikilie

Boti nyingi za zamani za aluminiamu zimeunganishwa kwa ribiti. Baada ya miaka ya kupigwa na mawimbi, baadhi ya ribiti hulegea na maji hupita pembeni mwake. Ribiti iliyolegea bila kukatika inaweza kukazwa tena, lakini kazi hiyo haiwezi kufanywa na mtu mmoja vizuri. Mmoja hukaa upande mmoja na nyundo. Mwingine hukaa upande wa pili na kipande cha chuma kizito, akakikandamiza juu ya kichwa cha ribiti. Wa kwanza anagonga mapigo mepesi, wa pili anashikilia. Kama hakuna anayeshikilia, nyundo inabonyeza bati tu na ribiti inabaki imelegea. Kama wote wawili wanagonga, ni kelele na dimbwi la mabonyeo.

Wapendwa, hapa ndipo ndoa nyingi zinapokosea. Baba anaonya watoto, mama anawatetea mbele yao. Pigo limeangukia mahali pasipo na kitu cha kulipokea. Mama anaweka akiba senti kwa senti, baba anakopa bila kusema. Au wote wawili wanagonga kwa wakati mmoja, kila mtu na nyundo yake, na majirani wanasikia mpaka ng’ambo ya mto. Ulizaneni katika kila jambo: hapa ni nani anayegonga na ni nani anayeshikilia? Anayeshikilia hafanyi kazi ndogo. Mkono wake hutetemeka kwa kila pigo, naye haonekani, kwa sababu yuko upande wa chini wa boti. Baba, ni mara ngapi umemshukuru anayeshikilia? Na wakati mwingine badilishaneni nafasi.

Ribiti iliyokatika kabisa haikazwi. Hutolewa kwa keekee, shimo husafishwa, ikawekwa mpya pamoja na gundi ya kuzibia maji. Mwangalie hapa msidanganywe dukani: zile ribiti za kawaida za kuvuta, zenye tundu katikati, hupitisha maji. Zinatakiwa zilizozibwa mwisho, au zile ngumu za kugongwa na watu wawili. Kuna mapatano ya namna hiyo pia, yanayoonekana yamekaza kumbe yana tundu katikati. “Nimekusamehe, lakini nikikumbuka nitakuambia.” Hiyo itavuja.

3. Toboeni mwisho wa ufa

Bati likipasuka, mtu asiyejua hubandika kiraka juu ya ufa akaenda zake. Baada ya muda ufa unatokeza upande wa pili wa kiraka, maana kila wimbi linauvuta uendelee. Fundi hufanya jambo la kushangaza: anachukua keekee na kutoboa tundu dogo la mviringo pale pale ufa unapoishia. Nguvu iliyokuwa imekusanyika katika ncha kali ya ufa inatawanyika kuzunguka tundu, na ufa haupati njia rahisi ya kusonga mbele. Ndipo anaweka kiraka cha aluminiamu, gundi chini yake na ribiti kuzunguka.

Methali tunaijua sote: usipoziba ufa utajenga ukuta. Fundi wa boti anaongeza kwamba kabla ya kuziba, uambie ufa uishie wapi. Ugomvi wa karo uishie kwenye karo. Usiupeleke kwa mama mkwe, usiupeleke kwa mahari iliyochelewa, usiupeleke kwa mtoto aliyezaliwa msichana mlipokuwa mkitarajia mvulana. Wekeni mpaka wa mviringo: “Leo tunazungumza pesa za Naivasha tu.” Toba inayotaja kosa moja kwa jina lake inashikilia kuliko “nisamehe yote” inayosemwa ili usingizi uje.

4. Jueni joto la chuma chenu

Fundi wa jua kali aliyezoea kuchomelea milango anapopewa aluminiamu kwa mara ya kwanza, mara nyingi huiharibu. Chuma humwonya: kinapopata joto kinageuka chekundu, kisha cha rangi ya chungwa, naye anajua akaribie au arudi nyuma. Aluminiamu haibadiliki rangi machoni pake. Inakaa vile vile, nyeupe na tulivu, na ikifika karibu digrii 660 za Selsiasi inaanguka ghafla, tundu likabaki. Tena ile ngozi yake ya nje haiyeyuki mpaka ipite digrii 2,000. Kwa hiyo ndani kumekwisha yeyuka na nje kungali kumesimama.

Kuna mume wa chuma na mke wa aluminiamu, au kinyume chake. Mmoja akikasirika utajua tangu mlangoni, viatu vyake vinasema. Mwingine anapika, anafua, anaitikia “ndiyo baba”, na wewe unadhani mambo ni shwari. Siku moja unakuta begi limefungwa, naye amerudi kwao Londiani. Unasema ameanza leo. Hakuanza leo, hukujua joto lake. Mwenzako mnyamavu mwulize mapema, tena kwa upole. Na wewe uliye mnyamavu, usimlaumu mwenzako kwamba hakuona ulichomficha. Sema ukiwa bado imara.

5. Vyuma viwili na maji katikati

Aluminiamu ina udhaifu mmoja mkubwa. Ikigusana na shaba au chuma cha kawaida, na maji yakawa katikati, inaanza kuliwa. Sarafu ya shaba ikiangushwa chini ya boti na kusahauliwa katika maji ya chumvi inaweza kutoboa bati. Maji ya Ziwa Victoria si ya chumvi, kwa hiyo kuliwa huko huenda polepole, lakini kupo. Ndiyo sababu boti ya aluminiamu haipakwi chini ile rangi yenye shaba ya kuzuia viumbe wa majini, wala haisuguliwi kwa brashi ya waya wa chuma, ambayo huacha chembe nyuma yake. Tena ule ubao wa tezi msiuweke mbao zilizotiwa dawa ya shaba, kama zile nguzo za rangi ya kijani kibichi tunazoziona barabarani. Tumieni ubao mkavu uliopakwa vanishi pande zote, boliti za kisichoshika kutu, na washa za plastiki au raba kutenganisha.

Angalieni basi. Vyuma hivyo vyote viwili ni vizuri. Shaba ni nzuri, aluminiamu ni nzuri. Kinacholeta madhara ni kuvigusanisha bila kitu cha kuvitenganisha, na kuacha maji yasimame. Wazazi wa mume ni watu wema, na wazazi wa mke ni watu wema, lakini nyumba ambayo shangazi anaingia jikoni kupima unga na kaka anaingia chumbani kuamua shamba, inaliwa polepole. Wekeni raba. Si kuwakataa wazee, la hasha. Amri ya Mungu inatuagiza kuwaheshimu. Raba ni yale mambo ambayo mume na mke huyamaliza wenyewe kabla ya mwingine kuyasikia: mapato yenu, ugomvi wenu, na adabu ya watoto wenu. Na maji yaliyosimama ni masengenyo. Yamwageni kila siku.

6. Mkiremba boti, msing’oe mabenchi

Boti ikishaacha kuvuja, kila mtu huwa na mawazo. Baba anataka sakafu ya plaiwudi, sanduku la samaki na kiti kirefu cha kuzunguka. Mama anataka rangi ya buluu na jina la mtoto. Hayo ni mazuri, na chombo kilichorembwa kwa mikono yenu mtakitunza. Lakini kuna jambo la hatari ambalo wengi hulifanya: wanang’oa mabenchi ya katikati ili wapate nafasi. Hawajui kwamba benchi ndilo linaloshikilia mbavu mbili za boti zisifunguke, tena katika boti nyingi chini ya benchi ndimo mlimojazwa sponji ngumu ya kuielesha maji yakiingia. Umepata nafasi ya gunia moja, umepoteza kitu ambacho kingewaokoa. Kama sponji imenyonya maji miaka mingi ikawa nzito, ibadilisheni, msiitupe na kuacha tupu. Na kitu chochote kizito kikae chini. Boti yenye uzito juu hupinduka kwa wimbi dogo. Injini nayo isizidi uwezo wa boti. Kama kile kibati cha mtengenezaji kinachotaja uzito na injini bado kipo, kisomeni na mkitii.

Ndoa zetu tunaziremba pia. Tumeongeza televisheni, simu kwa kila mtu, chama cha Jumanne na chama cha Ijumaa, biashara ya pili na ya tatu. Ili vipate nafasi, tumeng’oa nini? Nyumba nyingi zimeng’oa chakula cha jioni pamoja. Nyingine zimeng’oa sala ya jioni, zikisema ni dakika kumi tu. Mambo hayo yalionekana kama benchi la kukalia, kumbe ndiyo yaliyokuwa yanashikilia mbavu. Ongezeni chochote mnachotaka, lakini ulizeni kwanza: hiki tunachokitoa kilikuwa kinashikilia nini?

CHOMBO CHA VIRAKA SI AIBU

Mwaka 1986, wakati wa ukame, maji ya Ziwa la Galilaya yalipungua sana, na ndugu wawili wavuvi wakaona mbao zimetokeza matopeni. Ilikuwa mashua ya kuvulia ya zamani za Bwana wetu, yenye umri wa karibu miaka 2,000, urefu wake zaidi kidogo ya mita 8. Hakuna awezaye kusema nani alipanda ndani yake. Lakini wataalamu walipoichunguza waligundua kwamba ilikuwa imetengenezwa upya mara nyingi, na ndani yake mlikuwa na mbao za miti ya aina 10 au zaidi, vipande vilivyookotwa huku na huku. Mvuvi yule alikuwa maskini, akaitengeneza kwa alichokuwa nacho, ikamlisha yeye na watoto wake. Leo imehifadhiwa, na watu hutoka nchi za mbali kuitazama pamoja na viraka vyake.

Hapa kwetu, wavuvi wengi wa Ziwa Victoria hutumia mashua za mbao, na mafundi wa ufuoni huziba maungio kwa pamba na kuyafunika kwa vipande vya bati. Hakuna anayewacheka. Wanachekwa wale wasioziba.

Kuna na habari ya meli ya Ziwa Tanganyika inayoitwa Liemba. Wajerumani waliijenga mwaka 1913 kwa jina la Graf von Götzen. Katika vita, mwezi wa Julai 1916, waliizamisha wenyewe ili adui asiipate. Lakini kabla ya kuizamisha, mafundi waliipaka mitambo yake grisi nzito. Mwaka 1924 Waingereza waliitoa majini, na mwaka 1927 ikaanza kazi tena, ikabeba abiria kwa vizazi. Sikilizeni, ninyi ambao sasa hamsemezani au mmetengana kwa muda. Hata mkizama kwa hasira, msivunje mitambo. Msimtukane mwenzako mbele ya watoto, msichome nguo zake, msitangaze siri zake sokoni. Pakeni grisi. Siku ya kuinuliwa itakapofika, mashine itapatikana ingali nzima.

KUNA BOTI ISIYOPANDWA

Neno hili nalitoa kwa uzito. Fundi mwaminifu akiona chini pameoza hamwambii mvuvi, “Vumilia, ingia tu, utafua maji.” Humwambia ashuke. Vivyo hivyo, mama au baba anayepigwa nyumbani, au mtoto anayeumizwa, asiambiwe na mtu yeyote kwamba msalaba wake ni kukaa humo mpaka azame. Toka kwanza, kaa mahali salama, mwambie padre, mwambie mzee wa jumuiya unayemwamini, mwambie chifu au polisi. Matengenezo hufanywa nchi kavu, na huanza mwenye kutoboa akiacha kutoboa. Mafundisho haya ya ribiti na viraka ni ya watu wawili wanaotaka boti moja ielee.

KABLA YA KUSHUSHA MAJINI

Ndugu zetu hawa wakimaliza kazi yao, wasiipeleke boti ziwani wenyewe kimyakimya. Wafike kwanza kwa kikundi cha usimamizi wa ufuo, maana kila ufuo una kikundi chake, wafuate taratibu za usajili na ukaguzi, na wanunue jaketi za kuokolea maisha kwa kila atakayepanda. Hizo ziandikwe katika daftari tangu siku ya kwanza. Asiye na pesa za jaketi hana pesa za boti. Majaribio yafanywe asubuhi, ziwa likiwa limetulia, karibu na ukingo. Tena wakumbuke kizibo kidogo cha nyuma, kile cha kutolea maji. Watu wametengeneza boti miezi sita, wakaisukuma majini kwa shangwe, na kizibo kiko mfukoni.

Wahenga wa pwani walisema: tezi na omo hurejea ngamani. Ukae mbele au ukae nyuma ya chombo, mwisho utashuka chini ngamani, mahali maji yanapokusanyika, ukafue pamoja na wengine. Katika nyumba hakuna wa tezi wala wa omo maji yakiingia.

MASWALI YA KUJADILI, MUME NA MKE, AU KATIKA JUMUIYA

1. Ni jambo gani moja linalovuja katika nyumba yetu ambalo tumelizoea?
2. Katika kulea watoto, ni nani anayegonga na ni nani anayeshikilia? Je, tumewahi kubadilishana?
3. Bonasi iliyopita, ni nani aliyejua kiasi chake? Itakayokuja tutaigawa vipi kabla haijafika?
4. Ni benchi gani tumeling’oa ili tupate nafasi?

AZIMIO LA MWEZI HUU

Kila mume na mke wachague kitu kimoja kibovu nyumbani, kiwe mlango, kiwe kiti, kiwe uzio wa zizi, wakitengeneze kwa mikono yao wawili, siku moja, bila kumwita mtu wa tatu. Mmoja agonge, mwingine ashikilie.

Tuombe. Ee Bwana, uliyeketi katika chombo cha Simoni ukafundisha watu, ingia katika chombo chetu jinsi kilivyo, na viraka vyake. Utuonyeshe panapovuja kabla ya dhoruba, utupe mkono wa kugonga kwa upole na mkono wa kushikilia bila kuchoka. Mikaeli Malaika Mkuu na Familia Takatifu ya Nazareti watuombee. Amina.